Skrini kwanza, uso baadaye: ninavyoandaa kompyuta ya sebuleni na kurekebisha picha

Mwaka juzi nilipiga picha za harusi ya binti wa jirani yetu hapa Bombo, Uganda. Bwana harusi alivaa kanzu nyeupe, akina mama walijifunga gurbaba, lile vazi letu la Kinubi, za rangi zote, hema lilikuwa jeupe. Nilikesha siku tatu mbele ya kompyuta nikizirekebisha, moja baada ya nyingine, mpaka nikaridhika. Nikazitia kwenye flashi, nikapanda teksi hadi Kampala, nikateremka Nasser Road kwenye maduka ya uchapaji. Nililipia picha 80 za inchi 4 kwa 6.

Dada wa mashine alipoweka ya kwanza mezani, miguu ililegea. Kanzu ilionekana. Maua yalionekana, hata mishono ya hema. Nyuso zilikuwa vivuli. Mama wa bibi harusi alikuwa anacheka kwenye picha ile, nami nilijua anacheka kwa sababu nilikuwepo, lakini kwenye karatasi hukuona macho wala meno.

Kamera haikuwa na kosa, wala mashine ya yule dada. Nilikuwa nimefanya kazi usiku, chumba kikiwa giza, skrini ikiwa imewekwa kwenye mwangaza wa juu kabisa. Skrini ikiwaka hivyo, picha yenye giza huonekana imetakata, nawe unaiacha kama ilivyo. Karatasi haina taa ndani yake, kwa hiyo inatoa giza lile lile ulilolihifadhi. Tangu siku ile nina mpangilio wangu ambao siuvunji: skrini, kisha mashine, kisha picha. Nauandika hapa kwa ajili ya yeyote mwenye kompyuta nyumbani, si lazima awe mpiga picha wa kulipwa.

Skrini

Chukua karatasi nyeupe ya kawaida, ya A4. Kaa pale unapokaa siku zote, washa taa unayoiwasha siku zote. Fungua ukurasa mtupu ujaze skrini nzima kwa weupe, halafu shika karatasi kando ya skrini. Ukiona skrini inawaka kama taa na karatasi imekuwa kama ya kijivu, punguza mwangaza. Punguza tena. Simama pale weupe wa skrini na weupe wa karatasi vinapokaribiana. Mwanzoni utadhani skrini imefifia mno, lakini ukiyapa macho dakika kumi yatazoea. Yangu ilikuwa asilimia 100, sasa nafanyia kazi kwenye 40. Yako itategemea skrini na chumba, kwa hiyo usiige namba yangu, tumia karatasi.

Windows ina kitu kinachoitwa "Night light", kinachoifanya skrini iwe ya manjano jioni ili macho yapumzike. Ni kizuri ukiwa unasoma. Ukiwa unarekebisha picha kizime, la sivyo utaongeza bluu kwenye kila uso bila kujua, na kesho yake mchana watu wote watakuwa kama wamepigwa na baridi ya Kabale.

Kisha bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika dccw, bonyeza Enter. Itafunguka programu ndogo ya kusawazisha rangi za skrini, imo ndani ya Windows, hailipiwi wala haihitaji bando. Inakuonyesha duara na vipande vya kijivu, inakuuliza usogeze mpaka viwe sawa. Ile hatua ya vipande vya kijivu ndiyo ya kuchukua muda. Ukiona kijivu kina uwekundu au ukijani, rekebisha hapo hapo, maana kijivu kikiwa na rangi, ngozi ya mtu nayo itabeba rangi hiyo.

Wenye laptopu za bei nafuu wana tatizo moja zaidi. Skrini nyingi za namna hiyo hubadilika ukiinamisha kifuniko kidogo tu: ukiilaza nyuma picha inafifia, ukiisimamisha inakuwa nyeusi. Tafuta pembe ambayo juu na chini ya skrini vinaonekana sawa, kisha tia alama ya kalamu kwenye bawaba. Mdogo wangu alinishangaa nilipoifanyia yake, ila tangu hapo picha zake za bidhaa anazouza zimekuwa na rangi moja kila siku.

Picha ya mandhari ya kompyuta je? Watu wengi huweka picha kali yenye jua linalozama na rangi nyekundu tele. Mimi ninapofanya kazi naweka kijivu tupu, namba 128 kwa nyekundu, 128 kwa kijani na 128 kwa bluu. Jicho hujipima kwa kile kilicho pembeni yake. Ukitoka kwenye mandhari nyekundu, kila uso utaonekana wa kijani. Kazi ikiisha, binti yangu anarudisha picha yake ya bibi yake, na hiyo nimemkatia sawasawa: skrini yetu ina vipimo vya 1366 kwa 768, nami nikaikata picha kwa vipimo hivyo hivyo kwenye programu badala ya kuiachia Windows iinyooshe. Picha iliyonyooshwa humnenepesha mtu uso. Fungua mipangilio ya skrini usome vipimo vyako, nyingine ni 1920 kwa 1080.

Ukiwa kwenye mipangilio, angalia pia lugha. Kiswahili kimo kwenye orodha ya lugha za Windows 10, na mama yangu, ambaye Kiingereza kinampa tabu, sasa anafungua picha zake mwenyewe bila kuniita.

Mashine

Kompyuta yangu ni ya mezani, ya mkono wa pili, prosesa ya i5 ya kizazi cha nne. Ilikuja na RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, ya GB 4 na diski ya kizamani, ile yenye sahani inayozunguka ndani. Kufungua picha moja kubwa ilikuwa kama kungoja chai ichemke kwa kuni mbichi.

Kabla hujanunua chochote, jua kinachokuchelewesha. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, litafunguka dirisha linaloonyesha kazi za mashine. Fungua picha zako kama kawaida huku ukitazama. Diski ikigota asilimia 100 na kukaa hapo, shida ni diski. Kumbukumbu ikijaa, shida ni RAM. Nimeona watu wakiuza mashine nzuri kabisa kwa sababu fundi aliwaambia imezeeka, kumbe ilihitaji kifaa kimoja tu. Katika dirisha hilo hilo kuna sehemu ya programu zinazojiwasha kompyuta inapowaka. Zima zile usizozihitaji asubuhi. Nilizikuta kumi na moja kwenye mashine yangu, nikabakiza kinga ya virusi na sauti.

Kama fedha zinatosha kitu kimoja, nunua SSD, ile diski isiyozunguka. Sina shaka hata kidogo juu ya hili. Diski ya kuzunguka husoma kiasi cha MB 100 hadi 150 kwa sekunde, na hiyo ni siku yake nzuri, wakati SSD ya kawaida ya SATA hukaribia 550. Haina sahani wala sindano, ndiyo maana pia haiumii haraka mtoto akigonga meza. GB 240 zinatosha kwa Windows na programu. Ile diski ya zamani usiitupe, iache ndani kama ghala la picha. Kwenye laptopu isiyo na nafasi ya diski mbili lakini yenye sehemu ya DVD, kuna fremu nyembamba inayoingia mahali pa DVD na kubeba diski ya zamani. Ulizia kwa mafundi, wanaijua.

RAM ina mtego wake. DDR3 na DDR4 haziingiliani, pengo kwenye meno yake liko mahali tofauti, na ya laptopu ni fupi kuliko ya kompyuta ya mezani. Usiende dukani na maneno, nenda na kipande chenyewe. Zima mashine, chomoa waya ukutani, gusa chuma cha kasha ili umeme wa mwilini utoke, fungua vishikizo viwili vya pembeni, kichomoe, kitie kwenye bahasha. Muuzaji akikiona atakupa mwenzake. Mimi niliongeza kipande kingine cha GB 4 kikawa 8, na kwa picha za nyumbani hiyo imenitosha.

Vumbi. Sisi wa Bombo tunalijua vumbi jekundu la kiangazi, linaingia hata ndani ya sanduku lililofungwa. Ndani ya kompyuta linajipanga kwenye mapezi ya kupozea prosesa kama blanketi. Mashine ikipata joto inapunguza kasi yenyewe ili isiungue, nawe unadhani ina virusi. Kila baada ya miezi minne nafungua kasha kwa bisibisi na kusafisha kwa brashi laini ya rangi, ile ya inchi moja. Shika feni kwa kidole isizunguke wakati unapulizia au kupiga brashi, kuzungushwa kwa nguvu kunaweza kuiharibu. Usitumie kitambaa chenye maji.

Betri ndogo ya duara iliyo kwenye bodi, CR2032, watu huisahau. Ikiisha, kompyuta hurudi nyuma tarehe kila unapochomoa waya. Kwanza tovuti zinakataa kufunguka kwa sababu saa si sahihi. Kisha faili zote unazohifadhi siku hiyo zinapata tarehe ya miaka ya nyuma, nawe unaanza kutafuta picha za Idi iliyopita katikati ya picha za mwaka 2012. Inapatikana hata kwa watengeneza saa, na kuibadilisha ni dakika tano.

Kuhusu umeme nitasema jambo moja. Unapokatika, chomoa waya, na unaporudi subiri kidogo utulie ndipo uwashe. Ukiweza kupata UPS, kile kisanduku cha kuwekea umeme wa akiba, hata kuukuu lakini yenye betri mpya, inakupa dakika za kuhifadhi kazi na kuzima kwa heshima. Mimi nilipoteza jioni nzima ya kazi kabla sijaipata, na tangu hapo kidole changu kinabonyeza Ctrl na S chenyewe.

Halafu kuna suala la Windows 10. Microsoft iliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai kifaa cha usalama kinachoitwa TPM 2.0 pamoja na prosesa ya Intel ya kuanzia kizazi cha nane. Yangu ya kizazi cha nne haifiki. Nikaweka Linux Mint, mfumo wa bure unaoshika nafasi ya Windows, ile ya Xfce ambayo ni nyepesi. Uzuri wake, unaweza kuiandika kwenye flashi na kuwasha kompyuta kutoka kwenye flashi hiyo, ukaijaribu siku mbili tatu bila kugusa chochote ndani ya diski. Usipoipenda, chomoa flashi. Faili lake linapita GB 2, kwa hiyo lipakue pahali penye intaneti ya bure au nunua bando la usiku. Tangu Julai 2021 bando zetu zina kodi ya asilimia 12, sioni sababu ya kupakua kitu hicho mara mbili. Kwenye Linux hakuna dccw, ila kusawazisha kwa karatasi nyeupe ni kule kule.

Picha huanza kwenye jua

Hakuna programu itakayorudisha macho ambayo kamera haikuyaona, kwa hiyo vumilia nizungumzie upigaji kidogo.

Hapa tulipo, karibu na ikweta, jua hufika utosini saa saba kasoro dakika chache mchana. Wakati huo paji la uso linameta na macho yanazama kwenye mashimo meusi. Piga kabla ya saa nne asubuhi, au baada ya saa kumi jioni. Jioni yetu ni fupi, jua likianza kuzama saa kumi na mbili na nusu halingoji mtu, basi wapange watu mapema. Ikiwa shughuli ni ya mchana na huna hiari, waingize chini ya mwembe au kwenye baraza, nyuso zikitazama upande wa uwazi.

Angalia wanachosimama juu yake. Udongo wetu mwekundu unarusha wekundu kwenye kidevu na shingo. Nyasi zinarusha ukijani. Hema la bluu linafanya watu wote wawe wagonjwa, na hilo ni gumu kulitoa baadaye kwa sababu limeingia hadi kwenye weupe wa macho. Hema jeupe ni zawadi, linatawanya mwanga kama pazia. Nikiitwa kwenye shughuli, swali langu la kwanza kwa mwenye nyumba ni rangi ya hema.

Sasa kanzu. Kamera haijui kanzu ni nini. Inachukua mwanga wote wa picha na kujaribu kuuweka kwenye kijivu cha wastani. Ikiona kanzu nyeupe na hema jeupe, inadhani mwanga umezidi, inapunguza, na uso mweusi ulio katikati unazama. Hilo ndilo lililoanzia kwenye harusi ile, skrini ilinificha tu. Kwenye simu, gusa uso wa mtu kwenye skrini, kitatokea kijua kidogo, kitelezeshe juu mpaka uso utakate. Kanzu ikipoteza mikunjo kidogo, iache ipotee. Kwenye kamera, tumia kitufe cha mwangaza chenye alama ya +/-, ongeza +0.7 au +1. Watu wa ngozi yetu wamekuwa wakipigwa picha kwa vipimo visivyowahesabu kwa muda mrefu. Kodak walikuwa na kadi za kusawazishia rangi maabara, zikiitwa kadi za Shirley, na kwa miaka mingi aliyekuwa juu yake ni mwanamke mweupe. Rangi ya ngozi yake ndiyo iliyokuwa kipimo. Kwa hiyo usione aibu kuibishia kamera yako.

Na ufute kioo cha kamera ya simu. Kimekaa mfukoni na jasho na mafuta ya chapati. Nusu ya picha ninazoletewa "zenye ukungu" zingepona kwa pindo la shati safi.

Kurekebisha

Natumia programu ya GIMP. Ni ya bure kweli, iliandikwa na wanafunzi wawili wa chuo kikuu cha Berkeley, Marekani, ikatoka mwaka 1996, na inafanya kazi kwenye Windows na Linux. Darktable nayo ni nzuri kwa wenye kamera kubwa zinazotoa faili ghafi. Mwenye simu, GIMP inatosha.

Kabla ya kufungua programu, nakili. Folda ya asili siigusi kamwe. Naipa jina linaloanza na mwaka, kisha mwezi na siku, mfano 2025-08-16-harusi, ndipo folda zijipange zenyewe kwa tarehe. Nafanyia kazi kwenye nakala. Na ninapoendelea nahifadhi kwa XCF, aina ya faili ya GIMP yenyewe, si JPEG. JPEG hutupa kitu kidogo kila unapoihifadhi upya. Ukiifungua na kuihifadhi mara nane, ngozi inaanza kuwa na mabaka mabaka ya mraba. JPEG naitoa mara moja tu mwishoni, kwenye ubora wa 92 hivi.

Fungua menyu ya rangi, chagua "Levels". Utaona kilima cheusi. Hicho kilima ni picha yako: kushoto ni giza, kulia ni mwanga, kutoka 0 hadi 255. Chini yake kuna pembetatu tatu. Ya kushoto isogeze hadi pale kilima kinapoanza, ya kulia hadi kinapoishia. Hapo picha iliyokuwa na ukungu inapata nguvu. Kisha ya katikati, ambayo ndiyo ya nyuso: ivute kushoto polepole, namba itoke 1.00 ielekee 1.20. Usitazame picha nzima. Tazama mahali pamoja, chini ya jicho, pale ngozi inapokutana na shavu. Ukiona umbo la shavu, simama. Ukiendelea, weusi wa ngozi unageuka kuwa majivu, na mtu mweusi aliyetiwa majivu hakurekebishwa, amefutwa. Kuna programu za simu zinazofanya watu weupe kwa kubofya mara moja na kuziita uzuri. Akina mama wengine huniomba hivyo. Mimi nawaonyesha ya kwanza, yenye rangi yao halisi na macho yanayometa, nao wengi huchukua hiyo.

Uso ukihitaji mwanga lakini kanzu imeshatosha, rudufu tabaka la picha, yaani upate nakala yake inayolala juu ya ile ya kwanza. Lile la juu liongezee mwanga kwa ajili ya uso tu, usijali kanzu. Kisha kwenye menyu ya tabaka ongeza barakoa, nyeusi yote. Mwanga unapotea, usishtuke, barakoa imeufunika. Sasa chukua brashi kubwa yenye kingo laini, rangi nyeupe, nguvu yake iwe asilimia 30, upake juu ya uso. Kila upakapo, mwanga wa tabaka la juu unachungulia. Ukizidisha, geuza brashi iwe nyeusi upake tena. Hivi ndivyo nilivyomtoa mama wa bibi harusi kwenye kile kivuli. Ilikuwa kazi ya dakika nne kwa picha moja, na kwa picha 80 nilifanya wiki nzima, sikumdai mtu senti.

Kunoa picha nafanya mwisho kabisa, tena kidogo. Ukiona mstari mweupe pembeni ya bega, umezidisha.

Sasa kukata. Simu nyingi hupiga kwa uwiano wa 4 kwa 3, lakini karatasi ya inchi 4 kwa 6 ni ya 3 kwa 2. Haviwi sawa. Usipokata mwenyewe, mashine dukani itakata, na haijui nani ni bibi harusi. Kata kwa 3 kwa 2 nyumbani, ubakize nafasi juu ya vilemba. Kwa uchapaji safi unahitaji nukta 300 kwa inchi, yaani 1200 kwa 1800 kwa picha ya 4 kwa 6, na simu yoyote ya sasa inapita hapo. Ila usimtumie mchapaji kwa WhatsApp kama picha, inabanwa. Itume kama hati, au peleka flashi. Na anza na picha tano, si 80. Chagua moja ya mchana, moja ya jioni, moja ya kanzu, moja ya ndani, moja ya mtu mweusi zaidi katika familia. Zitoke, ziangalie nje ya duka kwenye mwanga wa jua, ndipo ulipie zilizobaki.

Picha ya kwenye kopo

Mama ana kopo la majani ya chai lenye picha. Mwaka 1979 watu wetu wengi walikimbia Bombo kwenda Sudan na Zaire, na kopo hilo lilikwenda na kurudi. Moja ni yeye na dada yake mkubwa, ya rangi, ya mwaka mmoja kabla ya kukimbia. Yote ilikuwa imegeuka nyekundu, kama imetazamwa kupitia glasi ya Vimto. Picha za rangi za zama zile zikikaa gizani miaka mingi, wino wa samawati hufa kwanza na wekundu hubaki peke yake.

Niliifuta vumbi kwa brashi kavu, sikutumia maji. Nikaipitisha kwenye skana kwa nukta 600, ikatoka 2100 kwa 3000. Asiye na skana ailaze picha sakafuni karibu na dirisha lenye kivuli, aipige kwa simu kutoka juu kabisa, bila flashi.

Kwenye "Levels" kuna mahali pa kuchagua rangi moja moja. Nilichagua nyekundu. Kilima kilikuwa kimejazana kulia, kushoto kote patupu. Nikaisogeza pembetatu ya kushoto hadi mguuni pa kilima, na hapo hapo nywele zao zikawa nyeusi tena baada ya miaka mingi ya kuwa kahawia. Nikaenda kwenye kijani, nikavuta pembetatu ya kulia ndani. Kisha bluu vivyo hivyo. Mikwaruzo niliiziba kwa brashi ya kunakili, ile inayochukua ngozi safi ya karibu na kuibandika. Doa moja kwenye paji la uso la mama mkubwa nililiacha, nilihisi si doa.

Niliichapisha, nikampelekea kwenye mkeka. Akaishika muda mrefu bila kusema. Kisha akaweka kidole kwenye paji lile la uso, akasema, "Hili kovu alilipata kisimani." Halafu kidole kikashuka kwenye gurbaba yake mwenyewe, ambayo mimi niliitoa ya bluu.

"Mwanangu, hii ilikuwa ya kijani. Kijani cha ndizi mbichi."

Nilirudi kwenye kompyuta, nikafungua ile XCF, nikaizungushia gurbaba peke yake, nikaongeza kijani kidogo kidogo huku yeye amesimama nyuma ya kiti changu, mkono begani kwangu, mpaka aliposema, "Hapo."